Vitanda Viwili vya Waswidi

Kivikoski, 7 Novemba 1965

Ensio,

Miaka sita. Nilianza kuhesabu kwa vidole, mkono mmoja haukutosha. Mtu akienda dukani akakaa miaka sita, wenzake humwekea matanga. Wewe ulisema unavuka kwenda Uswidi kutafuta kazi ya msimu mmoja. Meli inarudi bandari ya Turku huku kwetu kila asubuhi na watu wanashuka, wengine walevi, wengine na mabegi, wewe hushuki. Usiniambie bahari imechafuka. Bahari ni ileile uliyoendea.

Na usinicheke herufi zangu. Shule sikukanyaga, unajua. Hizi nilizipata kwenye kitabu chako cha kwanza, wewe una miaka saba umeketi hapa mezani unalia, mimi nimesimama nyuma yako naiba elimu.

Sasa sikiliza. Klabu ya Kisa, timu yako ya zamani, inaanzisha mashindano ya hoki, na safari hii hata mkoa wameuona mdogo. Wanataka ya mataifa. Mwenyekiti siku hizi ni Hagelberg, yule daktari wa meno. Tangu aende Oslo kuangalia mashine za meno amerudi na ndoto: vilabu vinne, nchi nne, siku mbili za Februari, kwenye uwanja wetu wa barafu nyuma ya kituo cha zimamoto. Kombe anatoa mwenyewe. Nimeliona. Ni birika la kahawa la fedha la mama mkwe wake, amelikata mdomo.

Kwenye mkutano wakasema Wanorwe wamekubali, Wadenmaki wamekubali, bado Waswidi. Mmoja akataja klabu hii, mwingine ile. Mimi nilikuwa nagawa maandazi ya iliki. Nikaweka sinia chini nikasema, “Waiteni Hammarvik. Kipa wao nimemlea mimi.”

Hagelberg akasema, “Mama Elviira, huu ni mkutano wa kamati.”

Nikamwambia, “Na haya ni maandazi ya kamati. Mnayataka au niyarudishe?”

Wakapiga kura. Barua imekwenda Hammarvik jana. Kwa hiyo unakuja, na nauli ni ya klabu, huna pa kutokea.

Wachezaji watalala majumbani, maana nyumba ya wageni ina vyumba vitano na vinne ni vya wanunuzi wa mbao. Kila nyumba imeandika vitanda vyake. Mimi nimeandika viwili. Chako utalala mwenyewe. Cha Martta atalala mwenzako yeyote asiyekoroma, na Martta atalala na mimi, vikongwe wawili kitanda kimoja. Anakusalimu. Magoti yanamsumbua, lakini mdomo mzima.

Niandikie upesi.

Bibi yako,
Elviira


Hammarvik, 28 Novemba 1965

Bibi yangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, nimeisoma mara mbili. Nafurahi kusikia wewe na Bibi Martta hamjambo. Mimi sijambo. Kiwandani tunayeyusha chuma kwa zamu, nje baridi, ndani joto, mtu hajui avae nini.

Klabu wamepata mwaliko na wanasema watakuja. Lakini nakuomba usiwaahidi watu sana. Wachezaji huku ni wengi. Makipa tuko zaidi ya mmoja, na anayechagua wa kusafiri ni kocha. Huenda akamchukua mwingine. Ni kawaida.

Nakutumia kahawa, na kitambaa cha sufu cha Bibi Martta cha kufungia magoti. Mwambie aniandikie naye japo mstari mmoja. Siku hizi hatii hata sahihi.

Mjukuu wako,
Ensio


Kivikoski, 10 Desemba 1965

Bwana Ensio Vuorela,

Kwa niaba ya Kamati ya Maandalizi ya Mashindano ya Kwanza ya Kimataifa ya Vilabu vya Hoki ya Barafu, Kivikoski, nina heshima kukujulisha kwamba klabu yako imethibitisha kushiriki. Mji mzima umeipokea habari hii kwa furaha. Nathubutu kusema kwamba bila jina lako wengine wangeendelea kuuliza kwa nini tunajisumbua.

Mabango yamekwisha kuchapishwa. Yanasema: KIPA WA KIVIKOSKI ARUDI NYUMBANI. Yamebandikwa mpaka stesheni ya treni. Kilichobaki ni picha yako kwa ajili ya kijitabu cha ratiba. Tafadhali tutumie ya karibuni, ukiwa golini, uso uonekane vizuri.

Nyongeza: Bibi yako ameombwa kudondosha kwenye barafu kisahani cha mpira mgumu cha kufungulia mchezo wa kwanza. Ameniuliza kama anaweza kukitupa badala ya kukidondosha. Nitashukuru ukimwandikia kuhusu jambo hili.

Wako katika michezo,
Dkt. B. Hagelberg, Mwenyekiti


Kivikoski, 9 Januari 1966

Ensio,

Kahawa nimeipata. Picha Hagelberg hajaipata. Kila akinikuta ananiuliza, mpaka naogopa kuumwa jino.

Barafu imeshika. Jioni watu wote wanatoka na sepetu kusukuma theluji uwanjani, kisha wazimamoto wanamwaga maji kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, kama anayepaka siagi ya mwisho wa mwezi. Hakuna anayelipwa na hakuna anayethubutu kubaki nyumbani. Mimi nakaa kwenye kibanda cha kuotea moto, nachemsha kahawa na kusema nani anashika sepetu kama kijiko. Wanasema nina ulimi mbaya. Lakini wanakuja kibandani.

Aune wa duka la maziwa akaniuliza, “Mjukuu wako bado mrefu vilevile?”

Nikamwambia, “Kuvuka bahari hakumfupishi mtu, Aune. Angekuwa anafupika, wewe tungekupeleka ukarudi mdogo kama kabati lako.”

Basi wakacheka wote, na yeye akacheka. Watu wanakungoja, Ensio. Vijana wadogo wanabishana kama unadaka kwa mkono wa kushoto au wa kulia, na hawakuwahi kukuona.

Lakini barua yako sikuipenda. Umeandika kama mtu anayejibu polisi. Makipa ni wengi, kocha ndiye anayechagua, ni kawaida. Nilikuuliza habari za kocha? Hata ukija ukakaa kwenye benchi siku mbili unatafuna soseji, mimi sitapungukiwa kitu. Niandikie neno moja: nakuja. Au maneno mawili: siji, Bibi. Nitayasoma yote, sina udhaifu wa macho.

Kitanda chako nimekitandika. Godoro nimelipiga nje kwenye theluji mpaka mkono ukauma.

Martta anakusalimu. Kuandika hawezi, mkono unamtetemeka.

Bibi yako,
Elviira


Hammarvik, 23 Januari 1966
(haikutiwa posta)

Bibi,

Nakuandikia hii nikijua huenda nisiitume, ndiyo maana nitaweza kuiandika.

Mimi si kipa wa Hammarvik. Nilikuwa. Majira ya baridi mawili yaliyopita, tukiwa mazoezini, si hata mchezo, niliinama kumwangalia mtu akipita na kisahani kikaniingia jicho la kushoto. Nililala hospitali wiki tano. Wewe nilikuandikia kwamba nina mafua na kazi nyingi. Jicho nililonalo sasa ni la kioo. Rangi wamekaribia, hawakupatia.

Nafanya kazi kiwandani, hilo ni kweli. Na Jumamosi nawanolea wenzangu viatu vya kutelezea. Nilipokuandikia kwamba tumechukua kikombe cha wilaya, nilikuwapo uwanjani. Nilikuwa nyuma ya mlango na jiwe la kunolea, nikasikia watu wanapiga kelele, nikamuuliza mlinzi wa lango nani amefunga.

Kocha ameniambia, “Njoo nasi, kwenye basi kuna nafasi, mnoaji tunamhitaji.” Ningekuja. Kabla ya bango ningekuja, nadhani. Sasa nikishuka kwenye lile basi, mji mzima utakuwa umesimama pale unamtafuta kipa.

Lakini bango ni kisingizio, maana miaka miwili iliyopita halikuwapo. Naogopa utanitazama, kisha utazame pembeni haraka ili nisione kwamba umetazama. Kila mtu hufanya hivyo. Nimezoea. Kwako sitazoea.

E.


Hammarvik, 12 Februari 1966

Bibi mpendwa,

Kiwandani wamenikatalia ruhusa. Sitakuja na timu. Nisamehe, na uniombee radhi kwa mwenyekiti.

Watakaolala kwako ni Sture, ambaye ni kipa, na Folke, beki. Ni vijana wazuri. Kifini hawajui hata neno moja. Usiwashibishe sana kabla ya mchezo.

Msalimie Bibi Martta.

Ensio


Kivikoski, 22 Februari 1966

Ensio,

Barua yako ya uongo ilifika Ijumaa asubuhi, na basi la Waswidi likafika saa nane mchana. Nilikuwa nimekwenda stesheni na koti langu jeusi. Nikawatazama wakishuka mmoja mmoja mpaka dereva akafunga mlango. Barua nilikuwa nayo mfukoni, nimeshaisoma. Lakini nilisimama tu. Nilisema labda ruhusa imepatikana dakika ya mwisho. Mtu mzima, na ujinga wote huo.

Sture na Folke wakaja na mimi. Wakubwa kama milango. Nikampa Folke kitanda chako. Alipoketi kikalia, nami nikatoka nje kuangalia kuni ambazo nilikuwa nimeshaziangalia.

Sasa nikueleze kosa nililolifanya, maana huku wanalisema na mpaka Pasaka watalisema. Jumamosi asubuhi nikawapashia sauna, kile chumba cha kuogea mvuke. Mgeni ni mgeni, hata angekuwa mwizi wa farasi hupashiwa sauna. Nikapasha ya heshima, ile ya babu yako, nikawawekea mafagio ya matawi ya kujichapia na ndoo ya maji. Kila walipochungulia watoke, nikawaonyesha kwa mkono warudi, bado mvuke mmoja. Wakarudi. Nilidhani wanapenda. Kumbe wanaona haya kunikatalia. Wakakaa humo karibu saa mbili nzima. Walipotoka walikuwa wekundu na laini kama nyama ya supu, na saa sita wakaingia kucheza na Wanorwe. Tisa kwa moja, Ensio. Sture alikuwa anaviangalia visahani vikipita kama mtu anayehesabu ndege.

Kocha wao akaja kibandani akanifokea kwa Kiswidi. Nikampa kahawa. Akafoka tena. Nikampa andazi. Akaketi.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na ufunguzi. Watu mia sita, bendera nne, bendi ya zimamoto midomo imeganda kwenye tarumbeta. Hagelberg nilimwambia tangu Ijumaa kwamba huji, lakini karatasi yake alikuwa ameiandika zamani na yeye akishaandika ni kama amechonga. Akasoma kwenye kipaza sauti: “Na golini, mtoto wa Kivikoski, Ensio Vuorela.” Watu wakapiga makofi. Makofi yakaendelea. Kisha yakapungua, kisha yakawa ya mtu mmoja mmoja. Wote wakageuka kunitazama mimi, niliyesimama katikati ya barafu na zulia dogo chini ya miguu na kisahani mkononi.

Hagelberg akanong'ona, “Mama Elviira, sema chochote.”

Nikakishika kipaza sauti nikasema, “Hakuja. Chezeni.” Na kisahani nikakitupa. Kilimpiga nahodha wa Norwe kwenye mguu.

Jumapili asubuhi, mezani, nikawauliza Waswidi wangu. Nikasema, “Ensio?” Folke akatoa picha ya timu mfukoni. Nikapitisha kidole uso kwa uso. Hukuwamo. Nikasema tena, “Ensio, kipa.” Wakatazamana. Wakaongea kidogo kwa lugha yao. Kisha Folke akafunika jicho lake la kushoto kwa kiganja, akaniangalia kwa lile moja, na kwa mkono wa pili akaonyesha kitu kinavyokuja kwa kasi. Nikakaa chini. Sture akafanya kama mtu anayenoa kisu, akaonyesha viatu vyake vya chuma, akasema, “Ensio. Bra.” Hilo nililielewa. Anasema wewe ni mzuri.

Ng'ombe wa mtu akivunjika pembe, mwenye ng'ombe huambiwa. Mimi nimekunyonyesha maziwa ya mbuzi kwa kitambaa baada ya mama yako kufa. Nimekuosha macho hayo yote mawili kwa maji ya chai yalipokuwa yanatoa usaha. Moja linang'oka na mimi sijui, naambiwa na mvulana wa watu kwa viganja, uji unapoa. Ulidhani nitafanya nini? Nitakuhesabia macho?

Nilivaa koti nikaenda kibandani. Walikuwa wamejaa. Nikasema, “Ensio hana jicho la kushoto. Lilitoka golini. Siku hizi ananoa viatu. Anayetaka kucheka acheke sasa, nimesimama mbele yake.” Hakucheka mtu. Aune alilia, lakini Aune hulia hata maziwa yakichacha. Mabango nikayabandua mwenyewe, ya stesheni yamenishinda, yameganda.

Birika wamelichukua Wadenmaki. Walijaribu kunywea bia, ikavuja pale mdomo ulipokatwa.

Waswidi wako wameondoka jana. Nimewapa maandazi wakuletee. Nyumba imenyamaza tena.

Elviira


Hammarvik, 8 Machi 1966

Bibi,

Umewaambia wote. Kitu nilichokikimbia miaka miwili umekimaliza kwa asubuhi moja, tena kibandani, mbele ya Aune. Nilipofika pale kwenye barua nilikasirika nikaitupa mezani nikaenda zamu. Kazini nikawa nawaza, nani sasa nitamficha? Hajabaki mtu. Nikafanya kazi usiku ule kama aliyetua mzigo, na bado nimekasirika. Yote mawili.

Ni kweli nilikudanganya. Ruhusa sikuomba. Basi lilikuwa na nafasi na wakaniita. Sina la kujitetea.

Lakini nina swali. Sture aliniletea maandazi, tukayala kwenye chumba cha viatu. Nikamuuliza, “Bibi Martta anaendeleaje?” Akasema, “Nani?” Nikasema, “Bibi wa pili. Wa magoti.” Akasema, “Mle ndani kuna bibi mmoja.” Nikamwambia hajui anachosema, kuna wawili, hawajaachana tangu vita. Akasema alilala kwenye kitanda hicho cha pili siku tatu. Alitaka kutundika koti lake akafungua kabati, ndani kulikuwa na vining'inizo vitupu na kile kitambaa cha sufu, bado kwenye karatasi ya duka. Na akasema asubuhi ya kwanza ulishusha vikombe viwili kutoka juu, ukavifuta vumbi. Kikombe kimoja tu ndicho kilichokuwa chini.

Bibi, Martta yuko wapi?

Nina siku nne za Pasaka. Nimeziomba kweli, karatasi ninayo. Sijui kama unataka nije baada ya haya yote. Niambie.

Ensio


Kivikoski, 15 Machi 1966

Ensio,

Martta yuko kanisani, nje, upande wa kaskazini, karibu na mama yako. Alikufa tarehe 3 Oktoba 1964. Alikuwa anamenya viazi, akasema, “Elviira, hiki kimeoza,” akakiweka pembeni. Basi. Nilivipika vilivyobaki kwa sababu sikujua kingine cha kufanya.

Nilikaa chini nikuandikie. Niliandika mara tatu. Kisha nikawaza, akisikia atakuja, atavaa suti, atasimama kaburini nusu saa, watu watampa mkono, na kesho yake atapanda meli akiwa amemaliza wajibu. Sikutaka uje kwa ajili ya kaburi. Nilitaka uje kwa sababu umekumbuka supu ya njegere ya Alhamisi. Basi nikaandika, Martta anakusalimu. Na nikishaiandika, nyumba ilikuwa na watu wawili mpaka wino ukauke. Ndivyo nilivyoendelea. Mwaka na nusu.

Wewe huna jicho, ukaandika kuhusu vikombe vya wilaya. Mimi sina mtu, nikaandika kuhusu magoti. Tumelingana, ila wewe ni mwongo mbaya zaidi, maana umesomeshwa.

Ninaongea na redio, Ensio. Naibishia. Kibandani nakwenda kabla hawajafungua, nasimama nje na birika la kahawa kama muuzaji, kwa sababu nyumbani nikiangusha kijiko hakuna anayeuliza ni nini hicho. Sasa theluji inayeyuka, uwanja ni maji matupu, kibanda wamekifunga kwa kufuli mpaka mwaka ujao. Hagelberg anasema mashindano ya pili yatakuwapo, anatafuta sufuria nyingine ya kukata. Hiyo ni Februari. Mimi nina Machi ya kuvuka kwanza.

Unauliza kama nataka uje. Sitajibu swali la kijinga kama hilo kwa wino.

Ulimwandikia mtu barua ambayo hukuituma, nina hakika, maana baba yako alikuwa hivyohivyo, barua zake tulizikuta kwenye begi lake walipomleta kutoka vitani. Kama ipo, njoo nayo. Sitaisoma mbele yako.

Na lile unaloliogopa, nimekwisha kulijua bila kuambiwa, kwa sababu mtu haachi kurudi kwao miaka miwili kwa sababu ya bango. Unaogopa nitakavyokutazama. Nitakutazama sana. Nitakutazama mpaka uchoke, la kioo na la nyama, na kama la kioo ni baya nitakuambia ni baya tutafute lingine.

Basi shika haya. Usilete kahawa, njoo na njaa. Usipitie stesheni kama mgeni, shukia njia panda ya kanisa, tumsalimie Martta kwanza, nitakuwa pale. Nyumbani ingia kwa mlango wa jikoni, vua kofia, usiinamishe kichwa. Mimi nitaketi mahali pangu karibu na jiko. Wewe kaa kwenye benchi la dirishani, ili jicho linaloona liwe upande wangu.

Bibi yako,
Elviira